Mtoto Aliyenyonya Hewa

Kila asubuhi, nyumba ya Fundi Bomba iliamshwa na Bosi.

Bosi hakuwa mwenye nyumba, wala hakuwa na kampuni. Alikuwa mtoto mchanga wa wiki chache, asiye na jino hata moja kinywani. Lakini akilia, watu wazima watatu walisimama kwa pamoja kama askari. Ndiyo maana baba yake akampa jina hilo.

"Bosi ameamka," alisema Fundi, akifunga kamba za buti.

"Bosi hakulala," alijibu mke wake. "Amefumba macho kidogo tu, ili apate nguvu ya kutugombeza."

Mke wa Fundi alikuwa msusi. Kabla ya kujifungua aliweza kusuka vichwa vitatu kwa siku huku anacheka na wateja. Siku hizi hakucheka sana. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaweka mto mapajani, akauma kona ya taulo. Ndipo alipompa Bosi ziwa.

Bosi alifungua mdomo kwa hamu. Akashika. Akanyonya kidogo, akateleza. Akashika tena, akateleza tena. Kila alipovuta, mdomo wake ulitoa mlio mdogo: tk, tk, tk. Maziwa yakamtiririka kidevuni mpaka shingoni. Baada ya muda mrefu alichoka, akalala chuchu ikiwa mdomoni. Alipowekwa chini tu, akaamka na kulia njaa upya.

Mama akaachia taulo. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Inauma bado?" aliuliza Fundi.

"Inauma? Chuchu zimepasuka, mume wangu. Akikaribia kushika, vidole vya miguu vinajikunja vyenyewe."

Fundi alikuna kichwa. Alikuwa fundi mzuri wa mabomba, mtaa mzima ulimjua. Shida yake ni moja: kila kitu duniani alikiona kama bomba. Mtu akiwa na mafua, yeye husema koki inavuja. Watu wakigombana, yeye husema kuna mahali pameziba.

"Hii ni presha," alisema. "Tanki halijai, ndiyo maana mtoto hashibi. Kunywa maji mengi."

"Nimekunywa jagi zima! Nikitembea, tumbo linapiga mawimbi."

Mama mkwe wa Fundi aliingia na bakuli linalofuka moshi. Alikuja kumsaidia binti yake tangu mjukuu alipozaliwa, na tangu siku hiyo sufuria kubwa halikutoka jikoni.

"Maji ni maji tu, baba," alimwambia mkwe wake. "Mzazi anataka supu. Kunywa, mwanangu. Hii ni ya pili, ya tatu iko jikoni."

Mlangoni ikasikika hodi. Kabla hajaitikiwa, jirani yao alikuwa tayari ameshakaa. Watu walimwita Redio, kwa sababu habari ikifika kwake asubuhi, mchana mtaa wote unayo.

"Maziwa yako ni mepesi, shoga yangu," alisema Redio, akichungulia shingo ya Bosi. "Ona yanavyomwagika. Kula karanga. Shemeji yangu alikula karanga, maziwa yakawa mazito kama rangi ya ukuta."

Basi nyumba nzima ikamlisha mama. Maji yalitoka kwa mume, supu kwa mama yake, karanga kwa jirani. Mama alishiba mpaka akashindwa kuinama. Bosi akabaki na njaa yake.

Siku ya kliniki ilipofika, walimtundika Bosi kwenye mzani. Mshale ukasogea kidogo, ukasimama. Ulikuwa karibu palepale uliposimama mara iliyopita.

Muuguzi alikuwa mwanamke mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Aliuangalia mshale, kisha akamwangalia mama.

"Uzito hauongezeki kama ninavyotaka," alisema. "Nahitaji kumwona akinyonya."

Lakini Bosi, aliyekesha akilia, sasa alikuwa amelala fofofo. Wakamtekenya nyayo. Wakampangusa uso kwa kitambaa cha maji. Bosi akakoroma.

"Basi njoo naye tena, mama. Usingoje siku ya kupima. Siku yoyote, mradi awe na njaa."

"Njaa si tatizo," alisema Fundi. "Hiyo tunayo ya kutosha."

Njiani kurudi nyumbani, mama mkwe alimfunika mjukuu wake vizuri. Akasema, "Akipimwa tena na mshale usipopanda, mimi nitampikia uji mwepesi. Siwezi kukaa namtazama mjukuu wangu anakwisha."

"Mama, muuguzi amesema maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita."

"Yanayomfikia ni yapi, mwanangu? Hayo ya shingoni?"

Walipofika nyumbani, mke wa Fundi alimfuata mumewe uani, akasimama karibu na karai la nguo.

"Labda ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Wenzangu wote wananyonyesha. Mimi mtoto wangu anaisha mikononi mwangu. Labda sikuumbwa kwa kazi hii. Nampenda sana, lakini akilia njaa naogopa. Naogopa mtoto wangu mwenyewe."

Fundi alikuwa na mzaha mdomoni. Akaumeza. Alivuta kigoda, akamkalisha mke wake, kisha akakunja mikono ya shati na kuanza kufua nepi za Bosi. Alizisuuza vizuri, akazianika moja moja, akarudi kukaa karibu naye.

Kesho yake Fundi aliitwa kwenye duka la kufulia nguo. Mwenye duka alikuwa amechoka. Pampu yake ilinguruma, lakini maji hayakupanda.

"Tanki nimejaza mara mbili," alilalamika. "Nafikiri tanki ndilo bovu. Ning'oe?"

"Usiguse kitu," alisema Fundi. Akapiga magoti, akaweka sikio karibu na pampu.

Tk, tk, tk.

"Tanki lako halina kosa hata kidogo," alisema Fundi. "Pampu inavuta hewa. Mpira wa hapa mdomoni haujakaa sawa. Kama mdomo haushiki, pampu itajichosha bure. Maji yapo, ila hayavutwi."

Alikaza, akageuza mpira, akakaza tena. Mlio ukakoma. Maji yakapanda kwa nguvu, na mwenye duka akapiga makofi.

Lakini Fundi hakuinuka. Alibaki amepiga magoti, mdomo wazi.

"Tk, tk, tk," alisema polepole.

"Fundi, uko salama?"

"Mke wangu hana kosa!"

"Mimi sijamsema mke wako, ndugu yangu!"

Fundi alikuwa tayari yuko barabarani, anakimbia na buti zake nzito. Mwenye duka alitoka nje, akipunga mkono. "Fundi! Spana yako! Fundi!"

Alifika nyumbani akihema kama mbwa. Mke wake alikuwa ndiyo kwanza anamweka Bosi kwenye ziwa. Fundi alipiga magoti mbele yao, akaweka sikio karibu na shavu la mtoto.

Redio, ambaye alikuwepo kama kawaida, akamnong'oneza mama mkwe, "Anasali?"

"Nyamazeni!" alisema Fundi. "Sikieni!"

Tk, tk, tk.

"Anavuta hewa! Mke wangu, tanki lako limejaa. Tazama, hata blauzi imelowa. Shida iko mdomoni. Sisi tumekaa tunajaza tanki, tanki, tanki, wakati mdomo haushiki!"

"Mwanangu si tanki," alisema mama mkwe. "Na mjukuu wangu si pampu."

Bosi aliposikia kelele hizo, aliachia ziwa akalia kwa hasira. Fundi akatoa tochi yake mfukoni, akamulika. Kwa mara ya kwanza alitazama vizuri ndani ya kinywa cha mtoto wake.

Bosi alilia kwa nguvu zote, lakini ulimi wake haukuinuka. Pembeni ulipanda, katikati ulibaki chini. Ncha yake haikufika hata kwenye mdomo wa chini. Ilikuwa na bonde dogo, kama sehemu ya juu ya kopa kwenye karata. Chini yake kulikuwa na utando mwembamba, umeshika ulimi mpaka karibu na ncha.

"Amefungwa!" alisema Fundi. "Ulimi wa mtoto umefungwa! Lakini ni kakitu kembamba tu. Nina mkasi wangu wa kukatia mpira..."

Hakumaliza. Mama mkwe alikuwa amesimama kati yake na mtoto, mwiko mkononi.

"Sogea na mkasi huo," alisema, "nami nitakuziba kama bomba bovu."

"Mama, nilikuwa nasema tu..."

"Kasemee huko kwenye mabomba yako!"

Redio akainua kidole. "Lakini nimesikia kuna mama mmoja hukata hivyo kwa wembe, na..."

Mwiko ukageuka upande wake. "Na wewe, zima!"

Redio akazima.

Ndipo mama wa Bosi aliposimama. Alikuwa amechoka, nywele zimetimka, lakini sauti yake ilikuwa imara.

"Hakuna atakayemgusa kwa mkasi wala wembe. Muuguzi alimtaka akiwa na njaa. Ana njaa. Tunakwenda sasa hivi."

Huko kliniki, muuguzi aliwaingiza kwenye chumba kidogo chenye sinki, kioo na kitanda. Safari hii Bosi alikuwa macho, anatafuna ngumi yake.

"Mnyonyeshe kama unavyofanya nyumbani," alisema muuguzi.

Alivuta kiti, akatazama kwa utulivu. Hakuangalia saa. Hakuharakisha mtu. Alisikiliza ule mlio, akaona maziwa yanavyomwagika. Bosi alipoachia, aliuliza, "Chuchu ikitoka mdomoni inakuwaje, mama?"

"Inakuwa imebanwa. Bapa, kama imekatwa mshazari."

"Na mtoto ana gesi?"

"Usiseme!" alijibu mama mkwe. "Bosi akijamba, jirani anaitika."

Muuguzi akacheka, kisha akasogeza mto. "Kwanza tujaribu namna ya kumshika. Watoto wengi wenye shida hii husaidika hapo tu. Tumbo lake liguse tumbo lako. Pua ielekee chuchu. Ngoja afungue mdomo wazi kabisa, kama anapiga miayo. Sasa mlete kwako, kidevu kitangulie."

Bosi alishika vizuri zaidi. Mama akapumua. Lakini baada ya muda mfupi, tk, akateleza.

"Hewa inaingia," alisema Fundi, "kwa sababu mpira..."

"Baba," alisema muuguzi kwa upole, "leo fundi ni mimi."

"Samahani, Fundi."

Muuguzi alinawa mikono, akavaa glavu, akaingiza kidole kidogo kinywani mwa Bosi. Akainua ulimi taratibu.

"Ni kweli, kuna utando umeshika ulimi. Wengine huuita udata. Mtoto akinyonya, ulimi hutoka nje kidogo, unakumbatia ziwa kwa chini na kuvuta. Wa huyu hauwezi kutoka wala kuinuka. Kwa hiyo anabana kwa ufizi. Ndiyo maana unaumia, mama. Na ndiyo maana anachoka kabla hajashiba."

"Kwa hiyo maziwa yangu si mepesi?"

"Maziwa yako ni mazuri kabisa. Na wewe huna kosa lolote. Umevumilia mengi."

Mama aliinamisha kichwa. Muuguzi akamwekea mkono begani, akauacha hapo mpaka alipotulia.

"Lakini msiogope kila utando," aliendelea muuguzi. "Kila mtu anao chini ya ulimi. Inueni ndimi zenu muone."

Mama mkwe akasogea kwenye kioo, akainua ulimi. Fundi akajibana pembeni yake, naye akainua. Muuguzi akawaonyesha wake. Mlango ukafunguliwa. Daktari aliingia na kukuta watu wazima watatu wamepanua midomo mbele ya kioo.

"Mgonjwa ni yupi?" aliuliza.

"Ni huyu aliyefumba mdomo," alijibu mama wa Bosi, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akacheka.

Daktari alimpima Bosi. Alisikiliza maelezo ya muuguzi, kisha akauliza maswali. Je, kuna mtu katika familia anayetoka damu bila kukoma akijikata? Hakuna. Je, mtoto alichomwa sindano ya vitamini ya kusaidia damu kuganda alipozaliwa? Ndiyo, alichomwa.

"Utando ukiwa hausumbui, hatuugusi," alisema daktari. "Lakini huyu hanyonyi vizuri hata akishikwa sawasawa, uzito haupandi, na mama anaumia. Naweza kuukata. Ni kazi ya muda mfupi, kwa mkasi maalumu uliochemshwa, na damu hutoka kidogo tu. Mtu asiyesomea kazi hii asijaribu. Hapo chini kuna mishipa, na wembe wa nyumbani huleta vidonda."

Mama mkwe alimtazama Fundi. Fundi akatazama dari.

"Na huu wa mdomo wa juu?" aliuliza mama mkwe. Aliinua mdomo wa Bosi na kuonyesha kijitando kinachoshika mdomo kwenye ufizi.

"Huo watoto wengi wanao, bibi. Mara nyingi hauna shida, na akikua hupungua wenyewe. Mdomo ukijikunja ndani wakati wa kunyonya, mama aukunjue nje kwa kidole. Basi."

Wazazi walikubali. Muuguzi alimfunga Bosi katika shuka, akamshika kichwa. Fundi alisimama karibu ili ampe mtoto moyo. Alimwona daktari anaushika mkasi. Akaona mwanga juu ya ncha ya mkasi.

Puu! Fundi alikuwa chini.

Daktari alikuwa amemaliza. Bosi alilia, akatoa tone la damu, akapewa mama yake. Alinyamaza zamani, baba yake bado amelala sakafuni, mama mkwe anampepea kwa ndala yake.

"Na huyu ndiye aliyetaka kukata mwenyewe," alisema mama mkwe. "Kwa mkasi wa mpira!"

Mama alimweka Bosi kwenye ziwa kama alivyofundishwa. Kwa mazoea aliuma taulo na kukunja vidole vya miguu. Bosi akafungua mdomo, akashika, akavuta. Akavuta tena. Akameza.

Mama alingoja maumivu. Kidonda cha zamani kilimchoma kidogo, lakini kubanwa kule hakukuwepo. Taratibu, akaachia taulo.

"Msitarajie yote leo," alionya muuguzi. "Ulimi wake unajifunza kazi upya. Kwa sasa, akimaliza kunyonya, kamua maziwa yaliyobaki umpe kwa kikombe kidogo kisafi. Hivyo atapata nguvu, na maziwa yataendelea kutoka mengi. Hakuna maji, hakuna uji. Akilowesha nepi mara kwa mara, jueni anapata. Akitoka damu isiyokoma au akipata homa, mje mara moja."

"Uji nimeuacha," alisema mama mkwe, kabla hajaulizwa.

Siku za kwanza zilikuwa na vituko vyake. Bosi alisahau, akarudia kubana, mama akamtoa na kumpa upya. Mama mkwe alipunguza supu, akachukua kazi ya kushika kikombe. Alimpa Bosi maziwa taratibu, huku anamwimbia. Fundi alifua nepi, na kila aliyoikuta imelowa aliiinua juu kama bendera.

Redio naye alipata habari kamili, akaanza kuzunguka mtaani kuwapanua midomo watoto wa watu. Mama wa Bosi ilibidi amwite.

"Shoga, kama mtoto ananyonya vizuri, anakua, na mama yake haumii, mwachie ulimi wake. Ila ukisikia mtoto anateleza, analia njaa kila saa, au mama ana vidonda, usiseme maziwa mepesi. Mwambie aende kliniki, wamwangalie akinyonya. Na wembe, hapana."

"Wembe, hapana," alirudia Redio. Akaenda kuitangaza hivyohivyo, neno kwa neno.

Siku ya kupima uzito, foleni ilikuwa ndefu. Mama wa Bosi alimvua mtoto nguo. Fundi alishika begi. Mama mkwe alishika kila mtu aliyekuwa karibu naye.

Muuguzi akamtundika Bosi kwenye mzani. Mshale ukapanda. Ukapita pale pa zamani, ukaendelea kupanda, ukasimama.

"Ameongezeka," alisema muuguzi. "Ameongezeka vizuri sana. Kazi yako hii, mama."

Fundi akafungua mdomo aseme jambo kuhusu tanki. Mama mkwe akamkanyaga buti.

Mama wa Bosi hakusogea. Alikuwa bado anautazama mzani.

"Tafadhali," alisema, "mpime tena."

"Mzani hauna kosa, mama."

"Najua. Nataka tu kuona tena."

Muuguzi aliitazama foleni. Mama aliyekuwa mbele kabisa, mwenye mtoto anayelia mgongoni, akatabasamu.

"Mpime tu, dada," alisema. "Hata sisi huku nyuma hatukuona vizuri."

Muuguzi akamtoa Bosi, akamtundika upya. Foleni nzima ikanyoosha shingo. Mshale ukapanda, ukatetemeka kidogo, ukasimama palepale.